Kwa Mtukufu Msajili, Mhifadhi wa Ritifaa Zetu

Mtukufu Msajili wa Majina,

Baada ya salamu na taadhima inayowastahiki wenye mamlaka juu ya majina ya watu, naomba idhini ya kuleta mbele ya meza yako shauri lisilozidi punje ya ulezi kwa umbo, nalo ni la ile alama ya ritifaa iliyokuwamo katika jina la ukoo wetu tangu babu yangu alipojua kuandika, ambayo ofisi yako huiondoa kila inapolipokea jina hilo, kisha ikatutaka sisi tueleze imekwenda wapi.

Cheti changu cha kuzaliwa kina ritifaa, kitambulisho hakina, na vyote viwili vimetoka kwako. Kila nihitajipo huduma, karani hulinganisha hati hizo, akaguna, akanituma kwa wakili nikale kiapo, kwa ada itokayo mfukoni mwangu, kwamba yule mwenye ritifaa na yule asiye nayo ni mtu mmoja. Nimeapa. Kisha nimeapa tena, kwa kuwa kiapo cha kwanza kilionekana kimechakaa, kana kwamba katika muda huo ningeweza kuwa mtu mwingine.

Udhuru wa ofisi naujua, na sikuupuuza. Huambiwa kwamba kanuni za ulimwengu zimekataza. Kanuni hizo zimo katika waraka nambari 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, nao huagiza ritifaa iachwe katika ile mistari miwili ya chini ya pasipoti, ya herufi 44 kila mmoja, inayosomwa na mashine. Ama hapo juu, pasomwapo na wanadamu, hapana katazo lolote, na Mwairishi aitwaye O'Connor huvuka mipaka na ritifaa yake bila kuapishwa. Huambiwa pia kwamba katika lugha ya kompyuta alama hiyo hufungua na kufunga maneno, hivyo majina yetu huikatiza mashine kauli. Ni kweli, na dawa yake, ambayo aghalabu ni kuiandika alama mara mbili, huijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya 2010 imeiandika Murang'a kwa ritifaa yake kamili katika orodha ya kaunti, wala sijasikia kaunti hiyo imepelekwa kwa wakili ithibitishe kuwa ndiyo yenyewe.

Lakini maadamu ofisi imekwisha kata shauri, sitaomba iache kuzichukua ritifaa zetu. Naomba tu ijenge ghala la kuziweka. Liwe jengo la heshima, lenye paa lisilovuja, kwani ritifaa ni nyembamba na unyevu wa pwani huenda ukaziozesha. Kila mwananchi avuliwaye yake kwenye kaunta apewe stakabadhi yenye muhuri: imepokewa kwa fulani, ritifaa moja, haina ufa. Jamaa wa Ng'ang'a, wenye mbili mbili, wawekewe rafu pana. Na zile za mwisho wa jina, kama ya Anyang', ambazo makarani hudhani ni alama za kufunga usemi, zitengwe zisichanganyike na uchafu wa wino. Kila Jumamosi mlango ufunguliwe, wazazi wawapeleke watoto wakatazame mali ya ukoo wao. Mwenye ritifaa akifariki, warithi waje na stakabadhi; na akiwa Mwislamu, kadhi aigawe kwa faradhi, mjane apewe thumuni yake, na katika kilichosalia kila mwana apate mafungu mawili ya binti; na ikibainika kuwa ritifaa moja haigawanyiki, inadiwe hadharani, na O'Connor aruhusiwe kushindana bei.

Yaliyobaki ni mepesi. Kisanduku cha fomu kilichoandikwa "jina la ukoo" kiwafikirie watu wa pwani, ambao kwao Ali Juma Hamisi humzaa Hassan Ali Juma, wakaulizwa kwenye uwanja wa ndege wanahusianaje. Lile "wa" la Ngũgĩ wa Thiong'o lisiunganishwe na jina lifuatalo, wala lisigeuzwe kuwa jina la kati. Na viwimbi vilivyo juu ya herufi zake, kama ghala lina nafasi, vihifadhiwe pia.

Nisamehe, Mtukufu, nikinena bila kupamba. Mjane huja kudai mafao ya marehemu, ameshika cheti cha kifo chenye ritifaa na kitabu cha benki kisicho nayo, akaambiwa kwamba aliyekufa siye aliyeweka fedha. Ni nani basi aliyemzika? Hiyo si hitilafu ya mashine. Ni dhuluma, na aitendaye ana mshahara na pensheni, na jina lake halina alama yoyote ya kumpotezea hata senti moja.

Naomba radhi kwa ukali huo, na narejea katika adabu. Jibu lako nalisubiri kwa maandishi, na juu ya bahasha liandikwe jina langu kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa. Likija bila ritifaa nitalazimika kulirudisha, kwani makarani wako wamekwisha nithibitishia, zaidi ya mara moja, kwamba mtu huyo si mimi.