Kwa Heshima ya Kupe

Ni wachache wanaomsemea kupe mema, na dhuluma hiyo yafaa ikomeshwe. Mbu hunyonya akaruka kabla mkono haujanyanyuka, ilhali kupe mwenye miguu myeusi wa mashariki mwa Marekani ana adabu zaidi. Haruki wala harukii mtu. Hupanda ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele, akangoja anayepita. Katika maisha ya takriban miaka miwili hula milo mitatu tu, kiasi kinachotuaibisha sisi walafi, na akiuma hutanguliza ganzi ya mate yake asimuudhi mwenyeji. Washitaki wake hutaja Lyme, mji wa Connecticut ambako miaka ya 1970 watoto wengi walivimba magoti, kisha humwita shahidi Willy Burgdorfer, aliyegundua ndani ya kupe bakteria wa ugonjwa huo wa Lyme. Lakini ushahidi huohuo unamtetea. Kwa kawaida kupe hazaliwi na ugonjwa huu. Huupata kwenye damu ya wanyama wadogo, hasa panya. Tena bakteria hao hukaa utumboni mwake na huchukua muda kuhamia kwenye tezi za mate, ndiyo maana mara nyingi lazima ang'ang'anie zaidi ya saa 24 ndipo aambukize. Adui gani mwingine humpa mtu siku nzima ya kujiokoa?

Itasemwa kwamba ukarimu huo ni hila, kwa kuwa kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta na kuuma kwake hakusikiki. Kweli, lakini udogo huushinda uvivu wa macho, si macho yenyewe. Aliyechomeka suruali kwenye soksi, akatia nguo dawa ya permethrini, akatoka kichakani akaoga na kujikagua kwapani, kinenani, nyuma ya magoti na kichwani, amempa kupe heshima yake. Wanaomchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta humchokoza tu amwage mate jerahani; ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe wima bila kusokotwa. Pingamizi zito ni kwamba wengi huumwa wasijue, na si kila mgonjwa hutokwa na baka jekundu linalotanuka. Hapo utetezi wangu unakoma. Homa na uchovu baada ya kupita maeneo yenye kupe vimfikishe mtu kwa daktari, maana mapema wengi hupona kwa wiki chache za antibiotiki, na wakichelewa bakteria huweza kufika kwenye maungio, neva na moyo. Subira ni fadhila ya kupe; mgonjwa asimwige.