Mjomba Spana Ajibu: Pijo la Babu Chini ya Mwembe

Mjomba Spana,
Marehemu babu alituachia Peugeot 504, stesheni wagoni. Limekaa chini ya mwembe miaka mingi, kutu imelila na kuku wanataga ndani. Ndugu yangu ataka kuliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Mimi nataka lirudi vilevile lilivyotoka kiwandani. Nianzie wapi?
Mrithi wa Mashaka, Kilifi

Mpwa wangu Mrithi,

Una bahati umenifikia mimi. Mshauri mwingine angekimbilia kukuuliza injini ikoje. Mimi, niliyezaliwa na spana mkononi (mama hulikana hilo, lakini yeye siku ile alikuwa amezimia), nakuuliza kwanza: kiwanda kipi?

Maana usije ukadhani gari la babu lilizaliwa Ufaransa, likapanda meli likiwa zima, likashuka Kilindini likisema bonjour. 504 ilizinduliwa mwaka 1968, na 1969 ikatawazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Hayo ni ya huko. Mengi yaliyokuwa yakipiga honi kwenye barabara zetu yalifika vipande vipande ndani ya makasha, yakaunganishwa Mombasa, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Tena serikali ilishaamuru baadhi ya vitu vitoke humu humu nchini: betri, rangi, vioo, vitambaa vya viti. Wafaransa wenyewe waliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, na Mombasa ikaendelea kuunganisha. Sasa mwenye asili ni nani hapo? Ukiagiza kitambaa cha viti kutoka Paris hujalirudisha gari kiwandani, umelipeleka mahali ambapo halijawahi kufika.

Hoja hii niliitoa barazani kwa wanywa kahawa wa Malindi na hakuna aliyethubutu kunijibu. Mmoja alikuwa amelala, kweli, lakini wanne walikuwa macho.

Tuje kwenye kutu. Adui wako si umri, ni chumvi. Panda kaskazini hadi Gongoni na Marereni uone: watu wanayafungia maji ya bahari kwenye mabwawa, jua linayakausha, chumvi inabebwa kwa malori. Bahari ni hiyohiyo inayokupulizia wewe Kilifi. Kusi inapovuma inaipandisha hewa hiyo hadi uvunguni mwa gari, inapenya kwenye vizingiti vya milango. Vizingiti hivyo ndani ni vitupu, na chini vina vitundu vya kutolea maji. Vitundu vikizibwa na majani ya mwembe, maji yanakaa humo, kutu inaanza kula kutoka ndani, na siku utakayoiona nje ujue imeshamaliza chakula na inaomba maji ya kunawa.

Mimi nalijua hili kwa machungu. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 sote tulipanga foleni ya feri, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa heshima, nililidaia gari langu nafasi ya mbele kabisa, limekodolea mkondo. Kila safari lilioga maji ya bahari usoni. Nilidhani linabarikiwa.

Basi chukua mpini wa bisibisi, gonga bodi yote, sikiliza. Panapolia ngo! ni bati. Panapolia pwa! ni puti, yaani kuna fundi aliyemwingiza babu yako mjini. Watu wasio na sikio hutumia sumaku: bati huinasa, puti haiijui. Mimi nagonga nikiwa nimefumba macho, na hapa mtaani kwetu watoto huja kutazama. Palipooza pakatwe, bati jipya lichomelewe. Puti juu ya kutu ni poda juu ya jipu.

Wala usilioshe kwa maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina munyu, utakuwa unakoleza mchuzi ulioungua. Na rejeta ndiyo kabisa: silinda hedi ya 504 ni aluminiamu, munyu huitafuna taratibu hadi maji yanapita pasipo njia, gari likachemka, hedi ikapinda. Tia maji ya mvua na dawa ya rejeta.

Watakuja watakaokwambia upake uvungu mafuta ya nazi. Nawapinga kwa adabu kwa sababu wa kwanza kuutoa ushauri huo nilikuwa mimi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai yaliganda, yakabanduka kama ukoko. Harufu iliyobaki iliwaita panya. Walikula nyaya zote za taa, na nadhani walisifu mapishi.

Injini isikutishe. Laina za silinda zake huchomoka, kwa hiyo huna haja ya kupeleka injini nzima kuchongwa. Unanunua seti ya laina na pistoni zake, unavua za zamani, unavika mpya. Fundi mwenye subira atalifanya hilo chini ya mwembe huohuo. Nyuma, kwa kuwa lako ni stesheni wagoni, utakuta springi nne, mbili kila upande, ndiyo maana lilibeba abiria, magunia ya makaa na mbuzi wawili bila kulalamika. Usimkubali anayetaka kukuwekea mbili.

Na uliheshimu, maana ukoo huu ni mzito. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, ikarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Kaka yake 404 ndiye alikuwa kiboko: mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu yalifika mwisho, na mara zote mbili lililoongoza lilikuwa 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Wasomaji huniuliza kama nilihusika na ushindi wa 1978. Sipendi kujisifu. Siku ile nilikuwa Malindi, nimelala, lakini nililala kwa makini sana.

Rangi ya asili utaipata palipofichika, chini ya mpira wa mlango au nyuma ya dashibodi, ambako jua halikuwahi kuingia. Onyesha fundi kipande hicho, usimwambie "nyeupe" kisha ukalia. Na usithubutu kupiga rangi ya NC, ile ya nitroselulosi, wakati wa masika: unyevu ukiwa mwingi hewani, rangi hukauka na ukungu mweupe, gari likafanana na mtu aliyepaka maziwa. Subiri Januari au Februari, kaskazi na ukavu. Wenye ndoto za kupeleka gari kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1970, wakumbuke kwamba waamuzi wa huko huinama hadi uvunguni.

Vipuri ndiyo mtihani. Usifikirie kuagiza 504 jingine kuukuu kutoka ng'ambo ulichinje. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Utaagiza kimoja kimoja. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China akafika mzima, akiwa na shingo yote. Mimi niliagiza kabureta ikafika vipande vitatu.

Na ndugu yako anayetaka kuuza? Si wa kwanza pwani hii kukata tamaa na chombo. Vasco da Gama aliondoka Malindi Januari 1499 akiwa na meli tatu na mabaharia wachache waliosalia. Alipofika mafungu ya karibu na Mtangata, kule Tanga, akaichoma moto mojawapo, São Rafael. Msomee ndugu yako sentensi hiyo mara tatu wakati wa kula. Akiendelea kutafuna, lifunge gari leso na umwambie limeposwa.

Mhariri ananikonyeza, nafasi imekwisha, na ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye klachi. Fanya hivi: kata kutu, chomelea, badilisha laina, rangi Januari. Kuku anayeatamia usimfukuze, ni siku 21 tu.

La kwangu halijanisumbua breki hata siku moja tangu nilipolipandisha juu ya mawe. Katika kufukua hilo la babu ukikuta vifuniko vya ringi vilivyozidi, nitumie kwa matatu yoyote inayokuja Malindi. Nahitaji vinne.