Niliondoka, Sikuitwa

Hakuna aliyeniita. Hata sasa naandika masikio yananiwaka. Nilitoka kwenye lile duka la mabegi, Sanyuanli, mjini Guangzhou, kwa mwendo unaojulikana: mkoba begani, uso umekunjwa, hatua za mtu mwenye maduka mengine ya kwenda. Mtaa wa Kongo pale Kariakoo huwezi kufika mlangoni kabla hujasikia, "Dada, rudi bwana, tuongee!" Sanyuanli nilifika hadi kwenye lifti. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa makubazi. Kimya. Nikapita tena mbele ya duka nikijifanya nimepotea. Mama mwenye duka alikuwa anakula tambi. Aliponiona, alinisogezea kalkuleta kwa kiwiko, na namba yake ya mwanzo bado ipo pale kwenye kioo.

Soko lile linaongea kwa kalkuleta. Anagonga 38, anakugeuzia. Unafuta, unagonga 20, unamrudishia. Kwetu hapo ndipo maongezi yanapoanza, kwa sababu bei ya kwanza imeshawekewa nafasi ya kupunguzwa, na anayelipa bila kubishana anaharibu soko. Kule kwenye jumla bei inafuata idadi. Mabegi 50 yana bei yake, 500 yana yake, na ukifikia idadi ya kuwashiwa mashine kiwandani bei inashuka yenyewe bila mtu kununa. Ukitaka ishuke zaidi ya hapo, muuzaji hagusi faida yake: anapunguza begi. Zipu inakuwa nyepesi, bitana inakuwa karatasi, sponji ya mgongoni inakonda, na mdoli aliyechorwa kwa nje anabaki kutabasamu vilevile. Nilisimama pale nimeduwaa. Kumbe zile zipu zinazonunuliwa Januari na kufa kabla ya Pasaka hazina mkosi wowote; ni punguzo la mtu.

Na mzigo wenyewe, ukienda kwa meli, mabegi yanalipiwa kwa nafasi yanayochukua, si kwa kilo. Begi tupu limejaa hewa, na hewa hiyo unaisafirisha kwa pesa yako mpaka Dar es Salaam. Ndiyo maana wanayakandamiza, wanayaingiza moja ndani ya jingine, hadi katoni inapiga kelele.

Mengine yalikuwa madogo. Nilimuulizia yule mama hali ya wazazi na watoto, akaniuliza katoni ngapi. Nilimaliza sahani nisimuudhi mwenyeji, akaijaza tena, maana kwao sahani tupu ni mgeni ambaye hajashiba. Muuza maji aliitazama noti yangu, kisha akaninyooshea karatasi ya kuskani kwa simu.

Ila moja halinichekeshi. Kule unalipa asilimia 30 sindano haijagusa kitambaa, na 70 iliyobaki kabla mzigo haujaondoka. Chai yake mtakunywa, vikombe vidogo vidogo, na pesa utatoa. Sawa. Nikirudi Kariakoo, mteja wa Songea anataka mali kauli: abebe leo, alipe akishauza. Ukimwomba atangulize chochote, umemvunjia heshima, na duka la jirani litampa. Kwa hiyo kiwanda nakikopesha kabla hakijashona, na mteja namkopesha baada ya kushusha kontena. Mimi ndiye benki, na benki yenyewe inanidai. Riba haisubiri Songea wauze. Forodha nayo haipokei kauli. Ushuru unalipwa ndipo mzigo utoke bandarini. Halafu huyohuyo aliyebeba mzigo kwa mdomo mtupu ndiye anayesema wafanyabiashara wa Kariakoo tuna roho ngumu, na siku hizi simu hapokei.

Shule zilifunguliwa Januari. Mabegi yameuzwa, watoto wako nayo mgongoni, tunayaona. Mliobeba mali kauli, nawaombeni mlipe. Hata kidogo kidogo napokea.