Jinsi ya Kuchagua Mtaa Kakamega Bila Kulowa

Hongera. Barua ya uhamisho imefika, umeaga Nairobi, godoro limefungwa kwa kamba ya manila na sasa unawaza utakaa wapi. Wenzako wamekuambia Kakamega ni mji mdogo, ukikohoa sokoni unasikika stendi. Usiwasikilize. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, mji huu umejinyoosha kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Webuye kama mtu aliyeshiba, na hakuna anayejua tena unaishia wapi. Ghorofa, shamba la mahindi, kanisa, hosteli, boma la nyanya mwenye ng'ombe watatu, kisha ghorofa tena. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti nzima. Ukitafuta nyumba mwisho wa mwezi utaapa kwamba wote wanaitaka ile ile uliyoipenda wewe.

Jambo la kwanza kujua ni jina. Wazee husimulia kwamba Mzungu mmoja alikaribishwa obusuma, yaani ugali, akahangaika nao kwa namna yake mpaka wenyeji wakamwonyesha kwamba unamegwa, na mji ukapata jina. Iwe ni historia au ni ya kuchangamshia baraza, hadithi hiyo imebeba onyo. Huu ni mji wa kumega. Shamba linamegwa viwanja, kiwanja kinamegwa vyumba, chumba kinamegwa kwa pazia, na mshahara wako utamegwa kabla haujafika mezani. Kwa hivyo fuata hatua hizi kwa makini.

Hatua ya 1: Chagua mtaa kwa jina lake

Mgeni mwenye akili huanza na Milimani. Kila mji wa Kenya uliowahi kukaliwa na afisa wa mkoloni una Milimani yake, na kila Milimani ni pale ambapo wakubwa walijijengea ili maji ya mvua yawateremkie wengine. Hapo utapata miti, kivuli, utulivu na jirani ambaye hujawahi kuona miguu yake, kwa sababu humwona kupitia dirisha la gari tu. Ukikosa nyumba Milimani, usife moyo. Waambie watu unakaa "karibu na Milimani". Ukiwa na nauli ya boda boda, Kakamega yote iko karibu na Milimani.

Jina likikukinaisha, jaribu Kefinco. Limetokana na mradi wa maji ambao Kenya ilishirikiana na Finland katika miaka ya 1980. Ni jina lenye baraka, lakini jina si mfereji. Kefinco au kwingineko, fungua bomba mwenyewe, uhesabu mitungi iliyopangwa nyuma ya kila mlango. Plot yenye mitungi miwili kwa kila nyumba ina maji. Yenye mitungi minane ina historia.

Lurambi ni kwa wanaopenda ujana. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipopata hadhi kamili mwaka 2007, wenye viwanja wa pande hizo waligundua kwamba mwanafunzi analipa kuliko mahindi, hahitaji mbolea, na anavunwa kila muhula. Leo hosteli zimeota mahali palipoota mabua. Kupanga huko kuna faida yake. Chipsi hazikosekani hata usiku wa manane, na muziki wa jirani utakusaidia kujua siku za mitihani, maana ndizo siku pekee unapozimwa.

Amalemba, Maraba, Shirere na Sichirai tutaziruka. Si kwamba hazifai. Kila niliyemuuliza aliusifu mtaa anaokaa yeye na kunionya dhidi ya ule wa ng'ambo ya barabara, na nilipovuka barabara, nilionywa dhidi ya ule niliotoka.

Hatua ya 2: Mwamini mwenye nyumba akisema "kaa utakavyo"

Mwenye nyumba wa Kakamega ni mtu mkarimu. Siku ya kwanza atakuita mwanangu, atakuonyesha mparachichi uani, atakuambia kaa hapa hata miaka ishirini, hii ni nyumba yako. Pokea maneno hayo kwa mikono miwili, halafu panda boda boda hadi Rosterman ukayatafakari.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika kwamba ardhi ya maeneo waliyotengewa ilikuwa yao milele. Kipande kikitwaliwa, sharti wapewe kingine cha kufidia. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega, wachimbaji wakamiminika na sururu zao, na mwaka 1932 sheria ikarekebishwa haraka. Kufidia ardhi kwa ardhi hakukuwa lazima tena, pesa zingetosha. Milele ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman ulizoa dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1952, na leo umebaki jina la mtaa.

Kwa hivyo mwenye nyumba akikupa "milele" kwa mdomo, iombe kwa maandishi, pamoja na risiti ya amana. Na kwa kuwa wapo wanaochimba dhahabu kwa mikono hadi leo katika sehemu kadhaa za Kakamega, chunguza majirani. Mtu anayechimba choo cha shimo kwa mwezi wa tatu mfululizo, tena usiku, hajengi choo.

Hatua ya 3: Nenda na dalali asubuhi

Dalali atataka ada ya kuona nyumba kabla hujaona nyumba. Mpe. Umbali wote atakuambia ni "hapo tu mbele". Jifunze lugha hii. "Hapo" ni dakika kumi, "hapo tu" ni nusu saa, na "hapo tu mbele" inahitaji chakula cha njiani.

Tena utaona atakavyosisitiza mkutane saa nne asubuhi. Saa hiyo Kakamega ni peponi. Jua limetulia, udongo mwekundu umekauka, umande uko kwenye majani, na kwa mbali msitu umesimama kama pazia la kijani. Utasahau kuuliza kuhusu mtaro. Mji huu hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu maradufu ya Nairobi, na sehemu kubwa hupenda kuja mchana, baada ya saa nane, kwa radi na kishindo. Dalali analijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana saa nane yeye huwa na shughuli nyingine.

Ukienda saa tisa utaona nyumba nyingine kabisa kwenye anwani ile ile. Njia uliyopita asubuhi na viatu vya kazi imegeuka uji wa wimbi. Boda boda amekuangalia, ameangalia mteremko, na ameongeza nauli bila kusema neno. Ndani, bati limeanza kunguruma kiasi kwamba mazungumzo yote yamekatika, na ugomvi wa ndoa pia. Nimesikia ndoa kadhaa za mji huu zikisifiwa kwa utulivu, na zote zimeezekwa mabati bila dari.

Hatua ya 4: Tafuta mahali pa utulivu

Hapa nakutakia kila la heri. Jogoo wa kienyeji haheshimu ratiba ya mtu wa ofisini, na usithubutu kumlalamikia mwenye jogoo. Pande hizi kuku ana hadhi, huwa haliwi ovyo ovyo, na mgeni anayeshtaki jogoo hujitangaza kwamba hakulelewa.

Ukikaa upande wa Khayega au Shinyalu, siku utakayotamani kulala utaamshwa na ngoma za isukuti, pembe na filimbi. UNESCO iliiandikisha isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ukiamshwa nayo alfajiri hutaona haja ya haraka hiyo, ngoma inajilinda vizuri sana. Nyuma yake utamwona fahali akisindikizwa na umati kwenda kupigana. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Wahenga hawakuwa na gari lililoegeshwa kando ya uwanja.

Kuna pia disko matanga, muziki wa usiku kucha kwenye msiba. Machifu wameupiga marufuku mara nyingi, na wingi wa mara hizo ndio ushahidi wa mafanikio yao. Muulize dalali kama mtaa una mambo hayo. Akijibu "hapana, hapa ni watu wa kanisa", muulize kanisa lina spika ngapi.

Hatua ya 5: Jiandae kwa swali

Utakapohamia popote, mtu mzima atakusalimu "mulembe", atakushika mkono kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, na atakuuliza: "Wewe ni wa wapi?" Usimjibu kwa jina la mtaa. Huko ni unakolala. Anauliza unakotoka, walipozikwa babu zako, na wewe utakakopelekwa siku yako ikifika. Watu wamejenga ghorofa Kakamega mjini, wakalea watoto wakawasomesha hapo hapo, na bado Krismasi wanakwenda "nyumbani" kilomita nane kutoka kwenye ghorofa hilo. Kwa hesabu hii mji mzima umejaa wapitaji, na wewe unayetafuta mtaa kwa daftari na alama kumi za vigezo ndiye pekee uliyelichukulia jambo hili kwa uzito.

Hatua ya mwisho: Jaribio la kamba

Daftari hilo nililijaza mimi pia. Nyumba yangu ya kwanza mjini hapa ilipata alama tisa. Jina zuri, lango la chuma, vigae sakafuni, majirani wa heshima. Wiki ya kwanza nilianika nguo asubuhi nikaenda kazini. Mvua ilikuja saa tisa kama kawaida yake. Niliporudi, kamba nzima ilikuwa tupu isipokuwa kipande changu. Kila jirani alikuwa ameanua zake, akihesabu vibanio vyake kwa uaminifu kamili, na shati langu la kazi lilikuwa linadondoka maji peke yake kama jiwe la Ilesi. Jiwe hilo, lililo kando ya barabara ya Kisumu, husemekana hulia hata kiangazi. Mwenye nyumba wangu sijawahi kumwona akilia, hata nilipomwomba amana yangu.

Nilihamia plot ya milango minane ambayo kwenye daftari ilipata alama nne. Choo kiko uani, barabara ni ile ya uji, na jogoo yupo, anaishi karibu na kichwa changu. Siku ya tatu mvua ilinikuta kazini tena. Nilirudi nimejikunyata nikakuta kamba tupu kabisa, nikajua nimeibiwa. Mlango wa pili ukafunguka. Mama ambaye hata jina langu hakulijua alikuwa ameketi na nguo zangu mapajani, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi, hata zile ambazo mtu hapendi zikunjwe na jirani.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?" akauliza. Nikaanza kumweleza. Akanisogezea kigoda, bakuli la maji ya kunawa, sahani ya ugali na mboga za mrenda.

"Utaniambia ukimega. Mvua bado."

Kwa hivyo huu ndio ushauri pekee utakaopata hapa bila ada ya kuona. Kabla ya kulipa amana, nenda saa tisa bila dalali, ujibanze chini ya bati la mtu, utazame kamba ya nguo. Tone la kwanza likianguka, hesabu milango inayofunguka, na uangalie kila mkono unaanua nguo za nani. Ikiwa kila mmoja ameanua zake, shukuru, panda boda boda uendelee na safari. Ikiwa watu wanachukua chochote kilicho karibu na kukimbilia nacho ndani, lipa siku hiyo hiyo. Na ukiishi hapo, siku za mapumziko ukibaki nyumbani, usilale saa nane. Kamba ni zamu yako.