Sifa za mlango usiofungika

Usukumani manju akisimama ngomani anaweza kumsifia mtu kulima hadi mwenyewe ajiulize hizo heka alizilima lini. Ng'ombe wamesifiwa, machifu wamesifiwa, wenye mikwara wamesifiwa. Mlango wa nyuma wa Hiace, ule unaofungwa kwa kamba baada ya kitasa kushindwa, haujapata wa kuuimba. Basi niache niuimbe.

Nenda stendi ya Bariadi, tafuta gari la Lamadi, na usihangaike na mbele. Zunguka nyuma. Mlango umeinuliwa na kuegemezwa kwa fimbo, maana zile shokapu zake za gesi ziliishiwa nguvu zamani, na fimbo yenyewe imeng'aa kwa kushikwashikwa. Konda anapanga: magunia ya choroko chini, godoro la mwanafunzi limekunjwa katikati, ndoo ya michembe pembeni, tenga la kuku juu. Toyota wanaunda Hiace tangu 1967 na muda wote huo wamedhani buti lina mwisho. Konda anasukuma kwa goti, halafu kwa bega. Anaushusha mlango hadi unapogota kwenye godoro, hapo hapo anauacha. Anachomoa kipande cha tyubu, anakipitisha kwenye kitasa, anakivuta hadi chini ya bampa na kupiga mafundo mawili. Gari limerefuka bila fundi wala kibali.

Wazungu wanaopita Lamadi na magari yao ya kulala, wakielekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti, nao hupenda kuongeza nafasi nyuma. Huning'iniza mlangoni ngazi, madumu na masanduku ya bati, kisha hukaa wakipiga hesabu ya kilo, kwa sababu uzito wote huo umebebwa na bawaba. Kwetu bawaba hazibebi mzigo. Gunia limekaa sakafuni, kazi ya mlango ni kulikumbatia tu. Kiufundi, nasema bila utani, sisi ndio tuliopatia.

Lakini fadhila yake kubwa ni kwamba haujui neno "imejaa".

"Mayu, lete, kunaingia," konda anamwambia mama mwenye kuku.

"Watapumua kweli, mwanangu?"

"Watapata upepo kukushinda wewe."

Na ni kweli, maana mama mwenyewe atakaa wa nne kwenye siti ya watu watatu.

Wakala wa Vipimo wamepambana miaka na lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba kichwani ili mkulima auze mengi kwa bei ya gunia moja. Hiace yenye mlango juu ni lumbesa yenye magurudumu, ila safari hii kilemba kinamfaa mkulima. Pamba ya Simiyu ina malori yake ya kuipeleka kiwandani. Madebe mawili ya choroko hayana lori, na mwenye nayo hawezi kukodi Fuso. Tangu mkoa uzaliwe 2012 tumepata ofisi na lami; gari la kumbeba mtu pamoja na madebe yake mawili bado ni hili hili, na jioni ndilo linalorudi na dagaa kutoka ziwani.

Wenye wivu husema ni hatari. Tuwasikilize. Mlango ukiinuka, kibao cha namba kinageukia mawinguni, kwa hiyo gari linasomeka vizuri zaidi kwa malaika kuliko kwa trafiki. Wapo madereva wanaoiona hiyo kuwa fadhila ya pili. Halafu kuna siti ya nyuma. Gari likikimbia, hewa iliyo nyuma yake hupungua msukumo, na moshi wa ekzosi hunyonywa ndani kupitia ule upenyo. Ukiacha lami kuingia njia za Itilima au Meatu, vumbi nalo linajiunga. Abiria anafukizwa nguo na nywele bila kuongezewa nauli. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoleta usingizi na kichwa kuuma. Ndiyo maana siti ya nyuma haina walalamikaji: wamelala. Mwenye mtoto mchanga namshauri agombanie siti ya mbele, na sifa zangu asizisome mpaka afike.

Viwanja vya Nyakabindi, hapo hapo Bariadi, vilibeba Nanenane ya kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020. Matrekta, mbegu na ng'ombe wa maziwa walipata mabanda. Napendekeza siku moja mlango huu nao upewe banda lake, na konda asimame pembeni na fimbo yake kutoa maelezo. Tatizo ni moja tu: mgeni rasmi akifika, lazima ataomba aonyeshwe unavyofungwa.