André the Giant: Matano ya Pandikizi la Mtu

Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga. Tumpishe basi, tukihesabu kutoka tano kushuka.

5. Mtoto wa mkulima
André René Roussimoff alizaliwa Coulommiers, Ufaransa, mwaka 1946, baba Mbulgaria, mama Mpolandi. Tezi yake ya pituitari ilimwaga homoni za ukuaji bila breki. Alipokuwa mwanamieleka, mapromota walimtangaza kuwa na sentimita 224. Haya, fundi, mshonee suruali!

4. Zimwi la runinga
Mwaka 1976 aliigiza Bigfoot, zimwi la manyoya, katika kipindi cha The Six Million Dollar Man. Yaani umepata mtu anayetambulika kwa umbo tu, halafu unamvika manyoya asionekane! Watayarishaji, hapo mlitukosea.

3. Bingwa asiye na choyo
Februari 5, 1988 alimshinda mwanamieleka Hulk Hogan na kutwaa mkanda wa ubingwa wa mieleka wa WWF, akamkabidhi mwanamieleka mwenzake Ted DiBiase papo hapo. Wengine huusotea miaka kumi. Yeye aliugawa kabla haujapata joto la kiuno chake.

2. Fezzik
Hii ndiyo kazi yake bora, na sibishani na mtu. Katika filamu ya The Princess Bride ya Rob Reiner (1987), yeye ni Fezzik, jitu lenye moyo laini linalopenda vina. Mgongo wake ulikuwa umetoka kupasuliwa na hauwezi mzigo. Mwigizaji mwenzake Robin Wright alipoangukia mikononi mwake, nyaya ndizo zilizombeba. Utazame uso wa André pale: unaona maumivu? Mimi naona tabasamu tu. Na Wright alipotetemeka kwa baridi, André alimwekea kiganja kichwani, kikamfunika kama kofia.

1. Kubwagwa
Machi 29, 1987, uwanja wa Pontiac Silverdome, onyesho la mieleka la WrestleMania III. Hogan akamnyanyua, akambwaga, uwanja ukalipuka. Shangilieni, lakini mjue hili: katika mieleka ya kulipwa hakuna anayemnyanyua mtu wa zaidi ya kilo 200 bila ridhaa yake. André, mgongo ukimuuma, alikubali kuanguka ili mwenzake apande. Hogan alipata utukufu. Heshima yangu naipeleka kwa aliyekuwa chini.

Januari 1993 alikwenda Ufaransa kumzika baba yake, naye akafia Paris akiwa na miaka 46. Mwaka huohuo WWF ilianzisha orodha yake ya magwiji. Aliyeingizwa mwaka huo alikuwa mmoja tu: André.