Tuyasifu Maji Yetu ya Ngaramtoni

Watu wa mikoa mingine wana mengi ya kusema juu ya maji yetu, na leo naomba wanyamaze kidogo. Mtu akitoka kwenye maji magumu ya Dodoma, akafika Ngaramtoni, hapa Arusha, na kufungua bomba, atafurahi hata kabla ya kuonja. Sabuni inatoa povu papo hapo. Birika halishiki ukoko mweupe. Ugumu wa maji huletwa zaidi na kalisiamu na magnesi, na maji ya miteremko ya Mlima Meru kwa kawaida hayana mengi ya hayo. Ni maangavu, ni baridi, yanatoka mlimani. Maji yaliyolelewa vizuri namna hii yana kosa gani?

Kosa lake, wanasema, ni floraidi. Mimi nauita ukarimu. Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yamejaa floraidi. Mvua ikipenya humo, hutoka nayo. Kama maji yangekuwa na kalisiamu ya kutosha, sehemu kubwa ya floraidi ingeshikana nayo na kubaki ardhini ikiwa jiwe. Lakini maji yetu ni laini, hayana wa kuizuia njiani, basi inateremka nayo mpaka ndani ya dumu. Povu tunalolisifu na madoa ya meno tunayoyalaani ni watoto wa tumbo moja.

Na floraidi hii kuna watu wanailipia! Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia. Alihangaika miaka mingi kutafuta sababu, akagundua njiani kwamba meno hayo, pamoja na ubaya wake, hayaozi upesi. Ni mwaka 1931 ndipo floraidi ilipotajwa kuwa chanzo. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukaanza kuitia kwenye maji ya bomba kwa makusudi, kama miligramu 1 kwa lita, ili kulinda meno ya watoto. Wao wana mtambo, wana fundi, wana bajeti. Sisi mlima unatugawia bure, tena haupimi kwa kijiko. Ziwa Momella, upande wa pili wa mlima, lina mamia ya miligramu kwa lita, na sijamsikia heroe hata mmoja akilalamika.

Sheria nayo imewahi kuyaheshimu maji haya. Viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye nchi ikashuka hadi 4, na sasa tumeungana na Shirika la Afya Duniani kwenye 1.5. Maji yenyewe hayakubadilika hata tone. Yalilala yakiwa salama, yakaamka yakiwa hatari. Kwa hiyo wazee wetu, ambao magoti yao hayanyooki sawasawa, wajue walikunywa kihalali.

Tuje kwenye sifa kubwa kuliko zote. Kabla NIDA hawajaja na mashine zao, maji yetu yalikwisha kutupa vitambulisho. Fungua kinywa Kariakoo, muuzaji atakwambia, "Wewe wa Arusha," na bei itapangwa kwa msingi huo. Kitambulisho hiki hakipotei, hakina foleni, hakiombi cheti cha kuzaliwa. Ila kina sharti moja la umri. Hutolewa wakati meno ya kudumu yanajengwa ndani ya ufizi, tangu mtoto anazaliwa mpaka kufikia kama miaka minane. Ukihamia hapa ukubwani, unaweza kunywa maji haya mpaka uzeeni na meno yako yasipate doa, ingawa mifupa itaendelea kuweka akiba yake kimya kimya. Ndiyo maana mtumishi anayeletwa kutoka mbali akiwa na miaka arobaini, akitabasamu mkutanoni na kusema maji hayana shida, hasemi uongo. Meno yake ni shahidi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu mgeni ndiye anayepona.

Uaminifu wa maji haya pia haujapata mfano. Tulifundishwa kuchemsha. Ukichemsha, vijidudu vinakufa, floraidi inabaki, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo iliyobaki inavyokolea sufuriani. Na kwa kuwa mapenzi hayana kiasi, siku ya soko tunaiongezea. Ngaramtoni ina jirani msomi, kituo cha utafiti cha Selian, kilichowapa wakulima mbegu za maharage kama Selian 97. Hata hivyo mama akitoka sokoni ana maharage mkono huu na fungu la magadi mkono ule, maana kuni ni ghali na maharage hayana huruma. Magadi nayo yana floraidi. Mtoto anaipata kikombeni, anaipata sahanini.

Wako waliojaribu kuyaharibia maji haya jina. Kituo cha Ngurdoto kimehangaika miaka mingi na mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, inawekwa kwenye ndoo, maji yanapita na kuacha floraidi humo. Mbinu ni sahihi kwa sababu floraidi inapenda mfupa, uwe wa ng'ombe aliyekwisha kuchomwa nyama au wa kijana anayeanza darasa la kwanza. Usipoipa huo, itachukua huu. Kisha akaja Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha, na kichujio chake kilichompa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Halafu AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, kwa mradi wa shilingi bilioni 520 uliogharamiwa zaidi na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikachimba visima virefu mpaka Hai, Kilimanjaro, kutafuta maji yenye floraidi kidogo. Mabilioni yote hayo kwa ajili ya kututenga na mlima wetu!

Mimi sipingi maendeleo. Yakifika maji mapya kila nyumba, naomba tu bomba moja la zamani libaki, na livutwe mpaka pale panaposimamishwa maturubai ya sherehe. Nimehudhuria uzinduzi wa miradi ya maji sehemu mbalimbali za nchi hii: utepe unakatwa, bomba linafunguliwa, makofi yanapigwa, mgeni rasmi ananawa mikono. Kisha anarudi meza kuu na kufungua chupa ya kiwandani.